Chuo, Karakana au Simu: Anayeanza Kuchora Ajifunzie Wapi?

Kijana anayetaka kujifunza kuchora leo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuomba nafasi chuoni na kukaa darasani miaka miwili au mitatu; anaweza kwenda kuketi kando ya fundi katika karakana mpaka mkono uzoee; au anaweza kubaki nyumbani na simu yake, akafuata masomo ya video yaliyojaa kwenye intaneti bila kulipa chochote zaidi ya bando. Mimi nimepita katika njia mbili za mwisho, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia wanaoanza, kwa hiyo swali la njia ipi ni bora hunifikia karibu kila wiki. Naona hujibika vizuri zaidi tukiacha kuuliza njia ipi ina sifa, tukauliza badala yake kila njia inampa mwanafunzi nani wa kumwonyesha kosa lake, mara ngapi na kwa undani gani. Wengi hudhani kwamba watu huacha kuchora kwa kukosa kipaji. Niliowaona mimi wakiacha, wengi wao walikuwa wamerudia kosa lile lile katika kurasa mia mbili, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia.

Chukua mfano wa mbuzi ya kukunia nazi. Mwambie mtu asiyewahi kujifunza aketi mbele yake na kuichora. Ubao wa kukalia atauchora kama mstatili kamili, kana kwamba anautazama kutoka darini. Miguu inayopishana ataichora kama mkasi ulio wazi, kana kwamba anaitazama kutoka ubavuni. Na ule ulimi wa chuma wenye meno atauweka kwa ukubwa anaoukumbuka, si kwa ukubwa anaouona pale alipoketi. Kila sehemu, ukiitazama peke yake, haina neno, lakini mbuzi nzima haikaliki. Sababu ni kwamba akili inakijua kifaa hicho tangu utotoni, nayo hulitangulia jicho na kuuamuru mkono kabla jicho halijamaliza kutazama. Dawa yake ni kuiacha miguu na kuchora kwanza pembetatu za sakafu zinazoonekana katikati yake, kwa kuwa hakuna mtu mwenye kumbukumbu ya umbo la vipande hivyo vya sakafu, na hapo jicho hulazimika kufanya kazi. Pembetatu zikikaa sawa, miguu nayo hujikuta mahali pake. Ndivyo ilivyo kwa sufuria pia: anayeanza huuchora mdomo wake kama yai, kisha kitako akakinyoosha kwa rula, kwa sababu anajua kwamba sufuria hukaa juu ya kitu bapa, ilhali kitako hicho kinapoonekana kutoka juu kidogo nacho kina mkunjo, tena mkunjo mkubwa kuliko ule wa mdomo. Makosa ya namna hii ni rahisi kurekebisha yakishatajwa, na ni magumu mno kuyaona ukiwa wewe ndiye uliyeyafanya.

Nianze na simu, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia. Haidai ada, haina muhula, na somo ambalo hukulielewa unaweza kulirudia mara kumi bila kumchosha mtu. Mama ambaye hupata nafasi ya kushika penseli baada ya watoto kulala, au mlinzi wa zamu ya usiku, hana njia nyingine inayolingana na maisha yake. Kwa video fupi tu mtu anaweza kujifunza kwamba macho hukaa karibu katikati ya urefu wa kichwa, kati ya utosi na kidevu, wala si juu karibu na nywele kama karibu kila anayeanza anavyoyaweka. Na sentensi hiyo moja huzibadilisha sura zake zote kuanzia siku ile.

Lakini simu haioni karatasi yako. Mwalimu wa kwenye video unauona mkono wake ukienda, ila huoni macho yake yalikuwa wapi sekunde mbili kabla mkono haujasogea, na kuchora kwenyewe kumo katika sekunde hizo mbili. Hata ukiweka mchoro wako mtandaoni, watu watausifu au wataupita. Ni nadra mno mtu kukuambia kwamba bega la kushoto limeshuka nusu sentimita na ndiyo maana shingo inaonekana imevunjika.

Upungufu wa pili unatokana na picha za kamera, ambazo mwanafunzi wa simu huziegemea kwa kuwa ziko hapo hapo mkononi. Katika miji yetu wako wachoraji vijana wa sura ambao huchapisha picha, wakaigawa kwa miraba, kisha wakaihamisha mraba kwa mraba hadi kwenye karatasi kubwa. Kazi zao hufanana na mwenyewe mpaka kwenye kope, wateja wapo, na ni riziki ya halali inayostahili heshima. Hata hivyo kamera imekwisha kuifanya sehemu ngumu zaidi ya kazi, yaani kuugeuza uso wenye mbele na nyuma kuwa ubapa wa karatasi, na anayeanzia hapo hajifunzi kuifanya mwenyewe. Nimewaona vijana wenye mkono mzuri sana wa namna hii wakishindwa kumchora mjomba wao aliyeketi barazani, kwa sababu mjomba anapumua, anageuka, na mwanga unahama usoni mwake kadiri jua linavyoshuka.

Lipo jambo la tatu ambalo halisemwi mara nyingi, nalo linatuhusu sisi hasa. Masomo mengi ya kuchora sura yametengenezwa kwa kutumia nyuso za Wazungu: weupe wa karatasi ndio ngozi, na kivuli huongezwa kidogo kidogo juu yake. Ukiifuata njia hiyo kwa uso wa mtu mweusi utaishia kukandamiza penseli mpaka karatasi ing'ae kama bati, kwa kuwa risasi ya penseli ikirundikana huurudisha mwanga badala ya kuumeza, na uso wa mtu wako utatoka wa kijivu. Ngozi nyeusi hulionyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli: kwenye paji, juu ya mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua na ukingo wa mdomo wa chini. Kwa hiyo mimi huwashauri wanaoanza watumie karatasi ya kaki, ile ile ya kufunikia madaftari ya shule, waiache iwe rangi ya kati, kisha waweke giza kwa mkaa wa kuchorea na mwanga kwa chaki nyeupe iliyochongwa, tena kidogo sana. Mara ya kwanza mtu anapogusa paji la uso kwa chaki hiyo na kuona kichwa kimejitokeza kutoka kwenye karatasi, huwa anasimama kwanza na kukitazama.

Anayejifunza peke yake anaweza kulipunguza pengo la kukosa msahihishaji. Achore vitu vilivyo mbele yake kabla ya picha. Apime kwa penseli akiwa amenyoosha mkono wote na kufumba jicho moja, kwa kuwa kiwiko kikikunjwa kipimo hubadilika. Aandike tarehe kwenye kila mchoro, kisha kila mwezi akichore tena kitu kile kile bila kuutazama mchoro wa kwanza. Na autazame mchoro wake kwenye kioo. Kinyume chake huonekana kama kazi ya mtu mwingine, na makosa ya mtu mwingine huonekana upesi.

Karakana ni jambo jingine kabisa, na kwa hapa kwetu ndiyo njia yenye historia nzito kuliko zote. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 huko Msasani, Dar es Salaam, akitumia vipande vya mraba vya ubao mgumu na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Hakuwa amesoma shule ya sanaa. Aliwakusanya ndugu na jamaa, wengi wao wakiwa watu wa kusini kama yeye, akawafundisha kwa kuwaketisha karibu naye, na alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 katika tukio la kudhaniwa kuwa mhalifu, wanafunzi hao waliendelea. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, na hadi leo ukifika Oysterbay unaweza kuwakuta wachoraji wakifanya kazi, mzee na kijana bega kwa bega. Sanaa nzima yenye jina la mtu mmoja ilipita kutoka mkono hadi mkono bila kitabu wala mtihani.

Katika karakana za namna hiyo mwanagenzi kwa kawaida huanza na kazi za chini: kupaka rangi ya nyuma ya picha, kusafisha brashi, kujaza maeneo ambayo fundi ameyachora. Inachosha, lakini inafundisha mambo ambayo video haiwezi, kama vile uzito wa rangi kwenye brashi, namna ya kuvuta mstari mrefu kwa bega badala ya kwa kifundo cha mkono, na subira ya kuacha rangi ikauke. Zaidi ya yote, kuna jicho juu ya bega lako. Nakumbuka siku moja nilipompelekea fundi sura ya mzee niliyokuwa nimeihangaikia kwa siku tatu. Nilimwamkia, nikampa karatasi, nikasema, "Fundi, naona kuna kitu hakijakaa, lakini sikioni." Hakujibu. Aliigeuza karatasi nyuma, akaibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nje, na ile sura ikaonekana kwa upande wa pili ikiwa imelalia kushoto kama nyumba iliyotitia msingi. "Umeona, mwanangu?" akasema. "Karatasi ulikuwa umeilaza mezani, kichwa chako kimeinama. Isimamishe." Siku hiyo nilitengeneza ubao wa kuegemeza karatasi, na ulalo ule haujanirudia tena. Ilimchukua dakika moja kuniambia jambo ambalo peke yangu lingenichukua mwaka.

Ubaya wa karakana ni kwamba hukupa mkono wa fundi pamoja na makosa yake. Soko likitaka twiga watatu chini ya mbuyu, utachora twiga watatu chini ya mbuyu, na kuna watu wenye uwezo mkubwa waliofika utu uzima bila kuchora kitu kingine. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu na ambaye mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, amejulikana kwa onyo lake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Naliheshimu sana onyo hilo, ingawa nadhani linamhusu zaidi mtu wa mwaka wa tano kuliko mtu wa mwezi wa tano. Mwanafunzi mchanga akiinakili kazi ya fundi ili ajue mstari ulianzia wapi, anasoma. Akiinakili miaka kumi baadaye kwa sababu hana lake la kusema, hapo ndipo pameharibika.

Tena si kila karakana hutoa nakala. Mjini Lubumbashi, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar, na msimamo wake ulikuwa kwamba vijana wasipewe vielelezo vya Ulaya vya kuiga. Matokeo yanaonekana kwa macho: Pili Pili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka katika mazingira yaliyojaa majani na maji, Mwenze Kibwanga alijenga maumbo yake kwa vistari vifupi vilivyopangwa sambamba, na Bela alipaka kwa vidole vyake. Watu watatu, paa moja, na mikono isiyofanana. Kwa hiyo kabla ya kuingia karakana yoyote, tazama kazi za wanafunzi wa fundi na si kazi za fundi peke yake. Ukishindwa kutofautisha ya huyu na ya yule, umekwisha kupata taarifa muhimu.

Chuo nacho kilianza kwetu kwa unyenyekevu zaidi kuliko majengo yake ya leo yanavyoonyesha. Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha Kampala mwaka 1937 barazani nyumbani kwake, na kutokana na madarasa hayo ikakua shule ya sanaa ya Makerere, walikosoma Watanzania kama Sam Ntiro na huyo huyo Elimo Njau. Tanzania ilipata Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada inayochukua miaka mitatu. Kinachopatikana chuoni na kisichopatikana kirahisi kwingine ni mpangilio: mifupa na misuli kabla ya nguo, kanuni za umbali kabla ya mtaa wenye nyumba, historia ya waliotangulia, na kujaribu zana ambazo peke yako usingezinunua. Kipo pia kikao ambacho mimi nimekionea wivu siku zote, pale kazi za darasa zima zinapobandikwa ukutani na kila mmoja akaeleza mbele ya wenzake kwa nini amefanya alivyofanya. Katika kikao hicho unasikia kosa lako likitajwa kwenye kazi ya mwenzako, na hilo huingia bila kuumiza.

Anayefikiria chuo asome mtaala kabla ya kulipa fomu. Bagamoyo, kwa mfano, muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi vyote viko katika taasisi moja. Kwa mtu anayeipenda sanaa kwa upana wake hiyo ni neema, ila kwa anayetaka penseli tu inaweza kumshangaza. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anachora kwa saa ngapi kwa wiki, darasa lina watu wangapi, na kama huwa kuna mtu anayeketi ili achorwe. Ukijibiwa kwamba kuchora ni saa chache tu kwa wiki, ujue kwamba mazoezi makubwa bado utayafanya mwenyewe usiku, kama yule wa simu.

Tukiziweka njia hizi kando kwa kando upande wa gharama, simu ni nafuu, karakana hukulipa kidogo baada ya muda au angalau haikutozi mengi, na chuo hudai ada, malazi na miaka ya kutofanya kazi nyingine. Upande wa cheti hakuna mjadala: anayetaka kufundisha shuleni au kuomba nafasi za masomo nje ya nchi anahitaji chuo. Upande wa kusahihishwa, ambao ndio ninaoutilia mkazo, karakana huongoza kwa wingi, kwa kuwa unaweza kusahihishwa mara tano kwa siku. Chuo huongoza kwa upana, kwa kuwa wanaokusahihisha ni wengi na hawafikiri sawa. Simu huwa ya mwisho. Upande wa uhuru wa kuamua uchore nini, mpangilio huo hugeuka juu chini.

Wala njia hizi si za kuchagua moja na kuziacha nyingine maisha yote. Mholanzi Vincent van Gogh aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, akaanza peke yake kwa kunakili mabamba ya Charles Bargue, yaani michoro iliyochapishwa ili wanafunzi wafanyie mazoezi. Mwaka 1886 akaingia akademia ya Antwerp, akaondoka baada ya muda mfupi, kisha akakaa kwa miezi katika studio ya mchoraji Cormon mjini Paris, iliyokuwa ikifundisha wanafunzi. Alichukua kila mahali kile alichokosa. Hapa kwetu, mtu wa Dar es Salaam asiyetaka chuo wala kuwa mwanagenzi anaweza pia kufika Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, ambako wasanii wana studio zao na watu hukutana kuzungumza kazi.

Kwa hiyo aliyemaliza kidato cha nne, ambaye wazazi wanaweza kumsomesha na anayetaka sanaa iwe kazi yake, ningemshauri aende chuo, lakini miezi ya kusubiri nafasi aitumie karakanani. Mwenye kazi na familia abaki na simu kwa masomo, achore vitu halisi nusu saa kila siku, na Jumamosi moja kwa mwezi ampelekee mtu anayejua michoro yake ya mwezi huo. Aliye mbali na mji, ambako hakuna fundi wa kuchora, atafute fundi wa karibu naye wa kazi nyingine: mchonga vinyago au seremala wa milango huujua uwiano wa maumbo kuliko walimu wengi wa kwenye video, naye ataliona bega lililoshuka.

Na siku ya kwanza kwa fundi, nenda na michoro kumi badala ya mmoja, ukiwemo ule unaouonea haya. Mkabidhi, kisha nyamaza utazame anafanya nini. Akisifu yote na kukurudishia, mshukuru na utafute mwingine. Akichukua penseli na kuchora juu ya mstari wako mpaka mchoro ukawa wake, utajifunza mengi kwake, ila uwe macho. Akiweka kidole mahali pamoja kwenye karatasi na kukuuliza uliona nini pale ulipokuwa unachora, muulize unaweza kurudi lini.